Mwembe dodo umeinamia jiko letu, na mama mkwe hataki uguswe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeolewa hapa Muheza na tunaishi kwenye nyumba ya familia pamoja na mama mkwe. Baba mkwe ametangulia mbele ya haki. Nyuma ya nyumba, hatua kama nne kutoka jikoni, kuna mwembe dodo mkubwa, wa siku nyingi. Aliupanda mama yake baba mkwe. Mama mkwe anasema alipokuja kuolewa aliukuta tayari unazaa. Vitovu vya watoto wake wote, cha mume wangu kikiwemo, vimezikwa chini yake. Hata chakula cha harusi yetu kilipikwa kwenye kivuli chake.

Masika iliyopita, usiku wa mvua kubwa, tawi nene lilikatika likaangukia paa la jiko. Mabati matatu yalipinda na mti mmoja wa kenchi ukavunjika. Hakukuwa na mtu, namshukuru Mungu, ila jioni ile ile binti yangu alikuwa amekaa pale pale akimenya mihogo. Tangu siku hiyo sina raha. Upepo ukivuma usiku naamka, nasikiliza.

Nimeanza kuuchunguza mti wenyewe. Chini kabisa kwenye shina umeota uyoga mgumu wa rangi ya kahawia, tabaka juu ya tabaka. Nikigonga upande huo kwa mchi, sauti inatoka wazi, tofauti na upande mwingine. Kileleni matawi kadhaa yamekauka, na msimu uliopita maembe yalikuwa machache. Mti umeinamia upande wetu, na nyuma yake, upande wa jirani, udongo umeinuka na kufanya ufa ambao sikumbuki kuuona zamani. Waya wa umeme unaotoka nguzoni kuja nyumbani unapita katikati ya matawi. Tena ukuta wa bafu umepasuka, ufa unafuata viungio vya matofali kutoka chini kwenda juu, na kila anayeuona anasema ni mizizi ya mwembe.

Mama mkwe amesema mti huo hautakatwa yeye akiwa hai. Shemeji yangu mkubwa, aliyeko Dar es Salaam, alisema kwenye simu kwamba mti ule una wenyewe, na atakayeugusa asimlaumu mtu kwa yatakayomkuta. Jirani naye ana vyumba vya kupangisha nyuma ya uzio. Kasema tawi likiangukia wapangaji wake tutaonana kwa mtendaji. Mume wangu kila nikimwambia anasema "tutaona". Mwishowe akaniambia, "Wewe ndiye unayeogopa, basi kamwambie mama." Nikaenda. Tangu hapo mama ananijibu salamu tu.

Kuna fundi mwenye msumeno wa moto amekuja mwenyewe, anasema atakata bure, achukue kuni na gogo, na Jumapili anaweza kuja na vijana wawili wakamaliza kabla ya adhuhuri. Fundi wa pili aliuzunguka mti muda mrefu, akasema laki nne na nusu, na kwamba kazi haiwezi kuisha siku moja. Mume wangu anampenda wa bure.

Shangazi, ni kweli mizizi ndiyo iliyopasua ukuta? Tuukate au tupunguze matawi tu? Tumchukue fundi yupi? Na mimi niliye mkamwana, nisimame wapi katika jambo hili?

Mwenye hofu, Muheza

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijajibu lolote ulilouliza, hamisha jiko. Leo hii. Pikia barazani mbele, pikia kwa jirani, lakini mtu asikae chini ya mti ule wala ndani ya jiko lile mpaka matawi yaliyo juu yake yatolewe. Na mwambieni huyo fundi wa Jumapili asije. Hayo mawili hayahitaji kikao cha familia wala ruhusa ya mtu.

Sasa mti. Nilimsomea barua yako afisa misitu mmoja ambaye nimekuwa nikimsumbua kwa miaka mingi kuhusu mambo ya miti, na aliponiuliza "udongo umeinuka upande gani?" nikamjibu ulivyoandika, alinyamaza kwanza. Mti ukiinama kwa miaka mingi huzoea. Mizizi yake hujikaza upande wa pili na unaweza kusimama hivyo mpaka wajukuu wakazeeka. Lakini udongo unapoinuka na kupasuka nyuma ya mti, upande ulio kinyume na ule unakoinamia, maana yake mizizi imeanza kung'oka. Hiyo si dalili ya kusubiri nayo.

Uyoga nao unazungumza. Ule mgumu unaoota tabaka tabaka kwenye shina hauli ganda la nje tu, unakula moyo wa mti na mizizi, na unapojitokeza nje uozo wa ndani huwa umeshakwenda mbali. Ndiyo maana mchi wako umetoa sauti ya uwazi. Fundi anayejua kazi atatoboa tundu dogo au ataingiza spoku ya baiskeli kwenye sehemu iliyooza ili apime mbao nzima iliyobaki ni nene kiasi gani. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: shina likiwa na upana wa mita 1, toka katikati mpaka gomeni ni sentimita 50, basi mbao nzima ikipungua chini ya sentimita 15 hivi kuzunguka shina, mti hauaminiki tena. Na wenu umeinama, una uzito wote upande mmoja, na mizizi imelegea. Ungeniambia matawi makavu peke yake, au uwazi peke yake, ningesema tupunguze matawi tuone. Mwembe unavumilia sana kukatwa. Ukiupunguza mpaka mita nne au tano huchipua upya na kuzaa tena. Ila kupunguza matawi hakurudishi mizizi iliyooza.

Kwa hiyo mimi, kwa ulivyonieleza, nasema mti huo ushuke. Usinichukulie neno langu kuwa la mwisho. Mwiteni afisa misitu wa halmashauri aje auone kwa macho yake, maana neno lake ndilo litakalosikika kwenye familia kuliko langu na lako. Sasa ni kipupwe, ardhi imekauka. Vuli ikianza udongo utalainika, majani yatabeba maji, na mzigo utaongezeka juu ya mizizi ile ile. Wengi tunakumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita kwenye bahari yetu na miti ikaanguka kule Mafia. Mti wa namna ya wenu hauhitaji kimbunga. Mvua nzuri ya usiku mmoja inatosha.

Ukuta wa bafu ni habari nyingine, na hapa watu wanakudanganya bila kukusudia. Mizizi ya mti mara chache sana inausukuma msingi mzima mpaka upasuke. Inachofanya ni kufuata maji. Bomba likivuja au karo likipitisha, udongo wa hapo hulowana, mizizi huja kunywa na kuingia kwenye viungio vya bomba, na uvujaji unazidi. Udongo uliolowana chini ya msingi hulegea, nyumba inakaa upande mmoja, na ufa unatokea ukifuata viungio vya matofali kama ulivyoeleza. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, mti mkubwa unaweza kweli kuleta madhara kwa kunyonya maji mpaka ardhi isinyae. Huko hata kuukata kuna athari zake, kwa sababu ardhi hurudi kuvimba. Lakini Muheza, kwa sehemu kubwa, ni udongo mwekundu, na ufa wako uko bafuni. Mlete fundi bomba afukue njia ya maji machafu kabla hamjautwisha mwembe lawama yote. Piga alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa, andika na tarehe ukutani. Ufa ukivuka alama hata baada ya mti kuondoka, mtajua tatizo liko wapi. Ninakuambia hili mapema kwa sababu ukimwambia mama mkwe kwamba mti unapasua nyumba, halafu mti ukakatwa na ufa ukaendelea, hatakuamini tena kwa lolote.

Na hapo ndipo tufike kwa mama.

Mwanangu, hukukosea kuogopa na hukukosea kusema. Aliyekosea ni mume wako kukutuma. Jambo la kumwambia mama kwamba mti uliopandwa na mkwe wake, penye vitovu vya wanawe, unafika mwisho, ni la mwanawe wa kumzaa. Mkamwana akilileta, hata alilete kwa maneno ya asali, mama anasikia jambo moja tu: mgeni ameingia nyumbani kwangu na sasa anafuta alama za wenyeji. Si lazima iwe ndivyo ulivyo, lakini ndivyo linavyosikika. Mpe mume wako barua hii aisome. Baba watoto, nakuomba kwa heshima: beba mzigo wako. Mke wako ameshakusaidia kwa kuuona uozo ambao nyinyi mliozaliwa hapo hamkuuona.

Usiende kwa mama na neno "tunakata". Nenda naye mpaka shinani. Mpe mchi, agonge yeye mwenyewe upande mzima kisha upande uliooza. Mwonyeshe uyoga, mzungushe nyuma aone ufa wa ardhini. Mama huyo ameufagilia mti ule majani miaka yote hiyo. Anaujua kuliko nyinyi wote, na akipewa nafasi ya kuuona kwa macho ya mganga badala ya kusikia uamuzi uliokwishapitishwa, huenda akasema mwenyewe ambalo hamthubutu kulisema. Halafu muulize anataka nini kifanyike. Si "unakubali au hukubali". Muulize: dua isomwe? Nani awepo siku hiyo? Kitu gani kibaki? Kama anataka mti uombewe kabla ya shoka la kwanza, mwalimu aitwe, kahawa ipikwe, isomwe. Haiwagharimu kitu na wala hamtakuwa mmefanya ushamba.

Vitovu vitabaki pale vilipo. Hilo mwambieni waziwazi, kwa sababu nadhani ndilo linalomuuma kuliko kivuli na maembe. Kukata mti si kufukua ardhi. Kisiki kitabaki chini, na pale panaweza kuzungushiwa mawe, pakabaki mahali pake.

Shemeji yako mkubwa namtenga na mama, ingawa maneno yao yanafanana. Mama anaishi chini ya mti. Yeye yuko Dar es Salaam. Kutishia watu kwa simu juu ya mti ambao watoto wa ndugu yake wanalala chini yake si uzito wa kaka mkubwa. Lakini ana haki moja msiyoweza kuiruka: nyumba ni ya familia, na kama mirathi ya baba haijafungwa, basi kila kilichosimama kwenye kiwanja kile, mwembe pamoja, ni cha warithi wote. Fanyeni kikao. Kama hawezi kuja, awe kwenye simu yenye sauti ya wazi, na muhtasari uandikwe: afisa misitu alisema nini, nani alikubali, nani alikataa na kwa sababu gani. Akikataa, aulizwe taratibu mbele ya wote kama yuko tayari kuandika kwamba tawi likimuua mtu yeye atabeba. Sijawahi kuona mtu aliyeandika hivyo.

Jirani mwandikieni kabla hajawaandikia. Barua fupi, kwamba mmeuona mti kuwa hatari, mmemwita afisa misitu, mnatarajia kuushusha kabla ya vuli, na siku ya kazi mtaomba wapangaji wake watoke vyumba vya upande huo. Nakala ipelekeni kwa mwenyekiti na kwa mtendaji. Ameshatishia kwenda kwa mtendaji. Mkitangulia nyinyi, mtakuwa watu wawili wenye tatizo moja na si mdai na mdaiwa. Mkishindwana kabisa kuna Baraza la Kata, kazi yake ni kuwapatanisha, lakini sioni kwa nini mfike huko.

Kwa mtendaji ombeni pia maelekezo ya kibali. Watu hudhani mti wa matunda ulio ndani ya uzio hauna mwenye kuuliza. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo za miti, na hata pale zisipokuuliza kukata, zitakuuliza kusafirisha: gogo au mkaa ukipita geti la maliasili bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu, unakamatwa, na wa kwanza kutafutwa ni mwenye kiwanja. Afisa misitu huyo huyo mliyemwita kukagua ndiye wa kuwaelekeza.

Sasa nikuambie kwa nini wa bure si wa bure. Ngalawa nyingi za pwani yetu huchongwa kwa gogo la mwembe. Shina nene, zima, refu, ni mali, na mwenye msumeno anajua hivyo kabla hajabisha hodi. Kwenu shina limeoza, kwa hiyo ngalawa hapo haipo, na akishafungua mti akaona uwazi, faida yake itabaki kwenye matawi ya kuni na ya kuchomea matofali. Ataondoka na hayo, na gogo lenye uwazi, zito, atawaachia uani. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni ile ahadi ya kumaliza kabla ya adhuhuri. Mti mkubwa ulio hatua nne kutoka ukutani, wenye waya wa umeme ndani ya matawi, unamalizwa asubuhi moja kwa njia moja tu: kuukata chini na kuuacha uanguke. Na wenu umeinamia jiko. Shina lenye uwazi halitii. Fundi hukata akiacha ukanda wa mbao katikati ya mikato miwili ili uongoze mti uangukie anakotaka, na kwenu ukanda huo umeoza. Utakwenda unakotaka wenyewe.

Mti wa namna hiyo unashushwa vipande vipande kutoka juu. Nimeona kazi hiyo ikifanywa vizuri na nitakueleza ili siku ya kazi mjue mnachokiangalia. Mpandaji amejifunga mkanda, na kamba yake ya usalama imezungushwa kwenye tawi zima, si lile analolikata. Kamba ya pili inapitishwa kwenye panda ya juu, ncha moja inafungwa kwenye tawi linalokatwa, ncha nyingine inashikwa chini na kijana aliyeizungusha kwenye shina ili uzito usimburute. Kata ya kwanza inapigwa upande wa chini wa tawi, kiasi cha theluthi, ndipo msumeno unahamia juu, mbele kidogo ya kata ya kwanza. Ukikata kutoka juu tu, tawi linaning'inia, linachana gome kushuka mpaka shinani, na linaweza kumvuta mpandaji. Tawi likiachia, kijana wa chini anateremsha kamba taratibu mpaka ardhini, mtu mwingine anafungua na kuburuta nje. Ndipo linafuata la pili. Kwenu kuna shida zaidi, kwa sababu mti wenyewe hauaminiki kubeba mpandaji na mzigo wa kamba. Fundi makini anaweza kusema lile shina lifungwe kwanza kwa kamba nene kuvuta upande ulio kinyume na jiko, au asimamishe ngazi na jukwaa pembeni, au aseme hapandi kabisa na litafutwe gari lenye winchi kutoka Tanga. Akisema hivyo msimwone anapandisha bei. Kipande cha mwembe mbichi chenye upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 2 kina uzito unaokaribia nusu tani. Kipande kimoja.

Kamba ziangalieni wenyewe. Tuko mkoa wa katani na kila nyumba ina kamba ya katani mahali fulani. Iliyolala stoo yenye unyevu huoza ndani huku nje ikionekana nzima. Asiitumie hiyo kubeba mtu wala tawi.

Waya wa umeme ni kazi ya TANESCO peke yake. Nendeni ofisi yao ya wilaya, muwaeleze siku ya kazi, waje wazime au waushushe waya wa kuja nyumbani. Kuna mafundi wanaosema watauinua kwa mti mkavu wakati tawi linapita. Mti mkavu wa asubuhi ya Muheza una umande. Atakayetoa wazo hilo, msimpe kazi.

Fundi wako wa pili simjui, lakini aliuzunguka mti muda mrefu kabla ya kutaja bei, na hilo peke yake limenifanya nimpende. Muulizeni ana mkanda, kofia ngumu na kamba ngapi. Muulizeni waya atafanyaje. Akijibu TANESCO kabla hamjamwambia, ni mtu wa kazi. Kisha andikianeni mbele ya mwenyekiti: anakata mpaka kimo gani, nani anachukua kuni, nani anasafisha uwanja, bati au ukuta ukivunjika nani analipa, na kijana wake akiumia nani anampeleka hospitali. Mpeni sehemu ya kununulia mafuta na kuwalisha vijana, iliyobaki alipwe uwanja ukiwa safi. Laki nne na nusu ni fedha nyingi kwa nyumba yenye watoto watatu, najua. Ndiyo sababu kikao cha familia kiwe pia cha kuchanga, na shemeji wa Dar es Salaam aanze.

Siku ya kazi watoto wapelekwe mbali. Utomvu wa mwembe unawasha ngozi, kwa sababu mwembe na mkorosho ni jamii moja, kwa hiyo atakayeburuta matawi avae mikono mirefu na watoto wasichezee unga wa mbao unaotoka kwenye msumeno.

Kisiki kiacheni kifupi, usawa wa goti au chini. Msikichome moto karibu na nyumba, na msimwagie mafuta machafu ya gari kama watu wanavyoshauriana, mnaharibu ardhi yenu. Msikifukue pia, kwa sababu mizizi iliyo karibu na msingi ukiing'oa unaacha shimo chini ya ukuta. Kitachipua, vunjeni machipukizi kila yanapotokea mpaka kichoke. Mizizi itaoza kwa miaka na ardhi itashuka kidogo kidogo, kwa hiyo msijenge sakafu ya zege juu yake upesi. Mjaze udongo kila panapobonyea.

Nimeliweka mwisho jambo ambalo lazima lianze kwanza, kwa sababu linahitaji wiki kadhaa kabla msumeno haujafika. Dodo hilo lisipotee. Muheza ni mji wa michungwa, na watu wa kubebesha miche, yaani kuunganisha kijiti cha mti mmoja kwenye mche wa mwingine, hawakosekani. Anayeweza kubebesha mchungwa kwenye mche wa limau atajua pia, au atamjua anayejua, kubebesha mwembe. Watafuteni miche ya embe ya kienyeji yenye unene wa penseli, hata kumi, kwa sababu si yote itakayoshika. Juu ya mti wenu, upande ulio hai, wachague vijiti vya mwishoni vyenye unene huo huo, ambavyo havijatoa maua, macho yake yamevimba lakini hayajafunguka. Majani yapunguzwe yakiwa bado mtini siku saba mpaka kumi kabla, macho yazidi kujaa. Vijiti vikatwe asubuhi, vifungwe kwa kitambaa kibichi ndani ya nailoni, vibebeshwe siku hiyo hiyo. Vikishika, majani mapya yanafunguka baada ya wiki tatu au nne. Uozo uko chini shinani na kwenye mizizi. Kijiti chenye afya cha juu kinafaa. Avichukue mtu mwenye ngazi ndefu, asimame upande ulio kinyume na mti unakoinamia, asipande mtini. Kule Ujiji, inasimuliwa kwamba miembe iliyosimama leo penye mnara wa Livingstone na Stanley ilibebeshwa kutokana na ule mwembe wa mwaka 1871 waliokutana chini yake. Wa kwanza ulikufa zamani.

Mche wa kubebesha unazaa baada ya miaka mitatu au minne, wakati wa mbegu unaweza kuchukua sita na kuzidi, na embe lake ni dodo lile lile la bibi, si la kubahatisha. Mwache mama achague mahali pa kuupanda, isipokuwa pasiwe chini ya mita kumi kutoka nyumba yoyote, yenu au ya jirani, wala chini ya njia ya waya. Na katika miche itakayozidi, mche mmoja mpelekeeni shemeji Dar es Salaam, kama ana uwanja.